Dawa ya Chini ya Kitanda

Miche ililala tena Jumanne asubuhi.

Jumatatu jioni Mama Miche alikuwa ameiacha imesimama, trei arobaini za nyanya, kila mche na majani yake mawili. Sasa, kupitia kwenye wavu wa kitalu, aliona trei za pembeni zimeota vipara. Alifungua kufuli, akaingia, akachuchumaa na kushika mche mmoja kwa vidole viwili. Shina lilikuwa limebanwa pale linapotoka udongoni, jembamba kama uzi uliolowa, limegeuka kahawia. Juu yake majani yalikuwa bado mabichi, hayana habari kwamba yamekwisha kufa.

"Kinyausi," alisema peke yake. "Kimerudi."

Ni ugonjwa wa udongoni, kuvu wasioonekana wanaokula mche shingoni. Msimu huu ulikuwa umeshamwangusha mara moja, na hii ilikuwa mara ya pili. Kitalu chenyewe hakikuwa chake. Kilikuwa cha kikundi cha wakulima ishirini na wawili, yeye akiwa mtunzaji tu, na ufunguo wake aliuvaa shingoni kwa kamba usiku na mchana. Kwa misimu sita miche yake ilistawi hata watu wakasahau jina alilopewa na wazazi wake. Ukilitamka leo pale mtaani, utaulizwa unamtafuta nani.

Mumewe alikuja nyuma yake na ndoo, glavu zimefika viwikoni, kitambaa puani. Huyu naye jina lake lilikuwa limekufa siku nyingi; aliitwa Bwana Usafi. Miaka thelathini na mmoja alipiga deki wodi za hospitali, akastaafu miezi minane iliyopita na cheti cha pongezi, na pua iliyozoea klorini hata haikuisikia tena.

"Imelala?" aliuliza.

"Njoo uone mwenyewe."

Aliangalia, akatikisa kichwa taratibu kama daktari mbele ya ndugu wa mgonjwa. "Uchafu umeingia. Mahali fulani uchafu umeingia. Nitazisugua trei zote upya."

"Umeshazisugua mara mbili, Baba."

"Basi mara ya tatu."

Mama Miche alitoka. Mlangoni pa kitalu palibandikwa karatasi kubwa iliyoandikwa kwa mwandiko wa mumewe, herufi zimesimama kama askari: KANUNI ZA USAFI. Wanakikundi wote walikuwa na nakala yake. Aliwafundisha mwenyewe siku nzima, wakampigia makofi, na wengine wakapiga naye picha.

Njia ya mkato ya kwenda nyumbani ilipita kwa Jirani, mkulima wa pilipili hoho. Getini kwake palikuwa na beseni la maji ya klorini, na Jirani alikuwa amesimama kando yake, mikono kiunoni.

"Samahani, Mama Miche. Kanyaga hapa kwanza."

"Jana hukuniambia nikanyage."

"Jana miche yako ilikuwa imesimama." Jirani alijilazimisha kucheka. "Usinielewe vibaya. Ni kanuni za mzee wako hizi hizi."

Habari ilikuwa imemtangulia, kumbe. Mama Miche alikanyaga. Maji yaliingia kwenye viatu vyake vya turubai, akaenda nyumbani soksi zikilia chwa, chwa, na nyuma yake alimsikia Jirani akimwambia mtu kwenye simu, "Ndiyo, hata mimi nasema mkono wake umeisha."

*

Mwenyekiti wa kikundi alikuja mchana huo huo. Alikuwa mama mnene, mpole, asiyependa ugomvi, na kwa sababu hiyo maneno yake magumu aliyasema huku akitazama ukuta.

"Tumekaa na wenzangu," aliuambia ukuta. "Otesha tena. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao tutakuja wote kuangalia. Ikisimama, mambo yaishe. Ikilala, utatuachia ufunguo. Si ubaya, mwenzangu. Watu wanataka kupanda."

"Mtampa nani?"

"Tutaona."

Mama Miche alishika kamba shingoni, akaminya ufunguo mpaka ukamchora kiganjani. Ile ndiyo kazi pekee duniani aliyokuwa akiijua kuliko watu wengine wote, na alikuwa mbioni kunyang'anywa kwa adabu, sebuleni kwake, na mtu anayekunywa chai yake.

Kesho yake alfajiri alikwenda kwa bwana shamba na kifuko cha udongo wa kitalu. Bwana shamba huyo alikuwa mwanamke, tena kijana, mwenye viatu vya matope na sauti ya haraka, lakini cheo ni cheo. Wote walimwita bwana shamba na mwenyewe aliitika.

"Udongo wako unautia dawa gani?" bwana shamba aliuliza.

"Siutii chochote. Mume wangu anasafisha trei, basi."

"Ajabu. Udongo huu ni kama umekufa." Alikuwa ameumimina kidogo kwenye kisahani, anaunusa. "Sikiliza, mama. Kuvu hawa wabaya wana adui yao, naye ni kuvu vilevile. Ukungu wa kijani. Ukimweka udongoni mapema, anajizungusha kwenye mizizi, anamla yule mbaya. Lakini ni kiumbe, anataka chakula na anataka kupumua. Nitakupa mbegu yake. Chemsha mahindi, yapoe kabisa, changanya, funika kwa kitambaa, weka mahali pa kivuli siku kumi. Yakigeuka kijani, changanya na udongo wa kuotesha."

"Ukungu?" Mama Miche aliuliza. "Nipande ukungu mimi mwenyewe?"

"Ndiyo. Na ukishamweka, dawa ya kuua usitie. Hata tone."

Alirudi nyumbani na kichupa cha mbegu ile mfukoni. Hakuogopa ukungu. Alimwogopa mtu ambaye kwa miaka thelathini na mmoja alilala na kuamka akiua ukungu. Angemwambiaje? Mtu huyu aliosha chungwa kwa sabuni kabla ya kulimenya.

Hakumwambia. Alichemsha mahindi siku mumewe alipokwenda kufuatilia karatasi zake za kustaafu, akayaweka kwenye ndoo, akasukuma ndoo chini ya kitanda upande wake. Hapo akasahau alikuwa ameolewa na nani. Siku ya tatu Bwana Usafi alifagia chini ya kitanda, kama alivyofanya kila siku ya Mungu, na fagio likagonga plastiki.

"Mke wangu, kuna nini kwenye ndoo hii?"

Mama Miche alikuwa amesimama mlangoni na nguo mkononi. Jibu la kweli lilifika mpaka kwenye meno, likageuka.

"Dawa," alisema.

"Dawa ya nini?"

"Ya kinyausi. Kanipa bwana shamba. Isifunuliwe mpaka siku kumi zitimie."

Uso wa Bwana Usafi ulichanua. Kwa muda wote huu aliona aibu mkewe asivyokuwa na imani na dawa. Alitoka, akarudi na utepe mweupe na kalamu nene, akapiga magoti, akabandika na kuandika kwa zile herufi zake za kiaskari: DAWA. SUMU. USIGUSE.

"Dawa bila maandishi ni hatari," alisema, akijipangusa magoti. "Hospitali tulimpoteza mtu hivyo."

Mama Miche alilala juu ya uongo huo siku saba, kwa maana halisi ya neno.

*

Aliyegundua kwanza ni pua ya wifi yake. Dada wa Bwana Usafi aliishi nao chumba cha nyuma, mwanamke mwembamba mwenye habari za mtaa mzima, ndiyo maana akaitwa Redio. Siku ya tisa aliingia chumbani bila hodi.

"Wifi, unatuficha nini?"

"Nakuficha nini mimi?"

"Chumba kinanuka nazi. Siku tatu sasa nalala na njaa, kumbe mwenzangu unapika chini ya kitanda?" Alishainama. Alisoma utepe, akacheka kwa pua, akafunua kitambaa. Mahindi yote yalikuwa yameota unga wa kijani kibichi, laini kama mahameli, na harufu ya nazi ikapanda. Redio alirudi nyuma akajigonga kabatini.

"Toba! Yameoza!"

"Funika, wifi yangu, nakuomba. Hayajaoza. Ndivyo yanavyotakiwa."

Ikabidi amweleze yote, kwa kunong'ona, ameshika mkono wa Redio asije akakimbia nayo mtaani. Redio alisikiliza mdomo wazi. Kisha alianza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini.

"Kaka yangu analala juu ya ndoo ya ukungu! Ameuandikia na jina!"

"Usimwambie."

"Nimwambie nini? Mimi nina roho ya paka kwani?" Alijifuta machozi. "Lakini kunyamaza kwangu kuna gharama yake. Nipe kikombe kimoja. Ile mipilipili yangu ya kwenye makopo ya rangi inakufa kila mwaka."

Mama Miche alimchotea vikombe viwili. Angemchotea hata vitano.

Jumamosi waliotesha. Bwana Usafi mwenyewe alibeba ndoo mpaka kitalu, mikono imenyooshwa mbele, glavu na kitambaa puani, na alipomwona mkewe anachanganya na udongo aligeuza uso kwa heshima ya sumu. Trei arobaini zilijazwa, zikapandwa, zikafunikwa magazeti. Wiki iliyofuata magazeti yalifunuliwa, na mbegu zilikuwa zimeota sawasawa, kila shimo na mche wake. Mashina yalikuwa manene. Hakuna uliolala Jumapili, wala Jumatatu, wala Jumanne. Alhamisi Mama Miche alijikuta anaimba akiwa anaosha vyombo, akajinyamazisha haraka, kama mtu aliyekamatwa.

*

Ijumaa ilikuwa siku yake ya kupeleka mboga sokoni, siku pekee aliyomwachia mumewe ufunguo asafishe meza na sakafu. Ijumaa hiyo mvua ilikunja soko saa nne asubuhi. Watu walijifunika maturubai, wateja wakapotea. Alibeba kapu lake nusu limejaa, akapitia kitalu kuangalia kama wavu umevumilia.

Mlango ulikuwa wazi. Harufu ilimpiga kabla hajaingia, lakini harufu ile alishaizoea. Trei, meza, sakafu, vyote vilinuka hivyo. Kilichomsimamisha ni sauti ya maji. Bwana Usafi alikuwa katikati ya kitalu na keni ya kumwagilia, anapita trei kwa trei, taratibu, kwa mkono mmoja mgongoni, akinyunyizia miche.

"Unamwagilia nini?"

Aligeuka akitabasamu. "Umerudi mapema? Namalizia dawa ya Ijumaa."

"Dawa gani ya Ijumaa?"

"Klorini. Kidogo tu, kifuniko kimoja cha chupa kwa ndoo. Hata mche hauisikii. Naisaidia dawa yako."

Kapu lilimtoka Mama Miche. Nyanya zilibiringika chini ya meza.

"Umemwagia trei ngapi?"

"Zimebaki nne. Kwani vipi?"

"Weka keni chini."

"Mke wangu..."

"Weka chini, Baba! Weka chini!"

Aliweka. Hakuwahi kupigiwa kelele na mkewe tangu wamuoze binti yao wa kwanza. Mama Miche alikuwa amepiga magoti mbele ya trei, anachimba kwa kidole, anatoa udongo uliolowa na kuunusa. Hakukuwa na nazi. Kulikuwa na hospitali.

"Ilikuwa hai," alisema.

"Nini ilikuwa hai?"

"Dawa! Ile ya kwenye ndoo. Haikuwa sumu, ulikuwa ukungu. Ukungu wa kijani, unaomla kinyausi. Niliufuga siku kumi chini ya kitanda, nikauweka humu, nawe umeuua wote kwa dakika kumi!"

Bwana Usafi alishusha kitambaa puani. Uso wake ulikuwa unatafuta pa kwenda.

"Ukungu," alisema. "Umeingiza ukungu kwenye kitalu. Wewe. Na mimi nikakubebea."

"Ndiyo."

"Nikaulalia."

"Ndiyo! Na miche ikasimama! Uliiona imelala? Siku hata moja?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniruhusu?"

Mvua ilipiga juu ya paa la nailoni. Kisha Mama Miche alinyanyuka polepole. Kitu kilikuwa kimemwingia kichwani, naye hakukipenda.

"Umesema dawa ya Ijumaa. Ijumaa zipi?"

"Zote. Iliyopita tu sikuzigusa, zilikuwa zimefunikwa magazeti."

"Tangu lini?"

"Tangu nistaafu," alisema Bwana Usafi. "Nilitaka nikusaidie."

Wote wawili walipiga hesabu ile ile kwa wakati mmoja. Misimu sita kitalu kilikuwa na miche. Miezi minane iliyopita Bwana Usafi alistaafu. Mama Miche alimkumbuka bwana shamba na kisahani chake, udongo ni kama umekufa, na mumewe hakuhitaji kuambiwa, kwa sababu alikaa kwenye ukingo wa meza, akavua glavu moja, akabaki ameishika.

"Sikukwambia kwa sababu sikuona cha kusema," alisema. "Ni usafi tu."

*

Jumapili trei tatu za kona ziliinama. Mama Miche alimpigia simu bwana shamba kutoka palepale kitaluni.

"Klorini?" sauti ya haraka ilikwama. "Sasa naelewa. Mama, ukiua kila kitu udongoni, anayerudi wa kwanza ni yule mbaya. Hana mpinzani, anajitanua. Ukungu wa juu umeshakufa. Wa chini huenda umebaki kidogo, hautatosha. Umwagie mwingine leo, kesho isifike."

"Nipe basi."

"Sina. Maabara watatoa mwezi ujao. Huna mabaki yoyote? Hata makavu? Kikombe kimoja cha mahindi yale kinatosha kabisa, ukiyafikicha kwenye maji ukachuja."

Mama Miche alikata simu na kukodolea macho ndoo tupu, iliyosuguliwa, inayong'aa. Mumewe alikuwa ameiosha siku ile ile waliyootesha. Mara mbili.

Ndipo alipomkumbuka wifi. Alifungua mdomo, lakini Bwana Usafi, aliyesikia kila neno la simu, aliuliza kabla yake.

"Kuna mtu ulimpa?"

"Dada yako."

Kwa miezi minane Bwana Usafi alikuwa akimsema dada yake kwa ajili ya makopo yale ya rangi mlangoni pa jikoni, kwamba ni mazalio ya wadudu. Mawili alishayatupa jalalani. Alitoka. Mama Miche alimfuata kwa mbali.

Redio alikuwa kibarazani anachambua mchele. Mbele yake mipilipili ilisimama kwenye makopo, myeusi kwa ubichi, imezaa.

"Dada," alisema Bwana Usafi.

"Hayo makopo sitoi."

"Sijafuata makopo. Nimekuja kuomba... kile kitu."

"Kitu gani? Kina jina."

"Dada, usinitese."

"Sema, kaka. Miaka yote hii nakusikia unalitukana, leo ulitaje kwa heshima."

Bwana Usafi alitazama mipilipili, akatazama miguu yake.

"Ukungu," alisema. "Naomba ukungu."

Redio alikuwa amejiandaa kucheka. Alimwona usoni, na kicheko kikamwishia kooni. Alinyanyuka, akaingia jikoni, akatoa mfuko wa karatasi uliokuwa umening'inizwa dirishani. Ndani mlikuwa na kikombe kizima cha mahindi ya kijani, makavu.

"Nilikuwa nimeiwekea mipilipili ya mwakani," alisema. "Chukua. Na usiushike na glavu zako hizo, utaua na huu."

Yalibaki maji. Ya bomba yalikuwa na klorini, na mvua iliyonyesha ilikuwa imekwisha kumezwa na ardhi. Hapa Bwana Usafi alisema kitu cha kwanza cha maana tangu Ijumaa.

"Klorini inaruka. Maji yakikaa wazi kwenye chombo kipana, juani, ukiyakoroga koroga, hadi jioni inakuwa imetoka. Hospitali tulikuwa tukikatazwa kuyaacha hivyo." Alisita. "Leo tutayaacha."

Alipanga mabeseni saba uani, akakaa nayo mchana kutwa, akiyakoroga kwa mwiko, na kila baada ya muda aliinama kuyanusa. Pua yake haikumsaidia. Ilibidi amwite mkewe.

"Bado," Mama Miche alisema saa nane.

"Bado kidogo," alisema saa kumi.

Saa kumi na moja aliinama, akanusa, akanusa tena. "Hakuna kitu."

Walifikicha mahindi pamoja, na maji yakageuka kijani. Bwana Usafi alifumba macho mikono ilipoingia. Ilikuwa mitupu.

*

Jumamosi ya mwisho wa mwezi kikundi kizima kilikuja, viatu vimeoshwa, nyuso zimevaliwa kama za msibani. Mwenyekiti aliingia kwanza, akapita kati ya meza. Mama Miche alisimama kando ya mlango, ufunguo kifuani.

Tangu Jumatano hakuna mche mwingine uliolala. Lakini vipara vilikuwepo.

"Trei mbili," alisema Mwenyekiti.

"Mbili na nusu," alisema Mama Miche.

"Na nyingine zote zimesimama." Mwenyekiti aligusa mche, akauvuta kidogo, uling'ang'ania. "Wamama, zimesimama!"

Kelele za furaha zililipuka. Watu waliingia wakijaa, wanainama, wanashika mashina. Sauti ya Jirani ilizipita zote.

"Sikusema? Nilisema mzee akiingia mwenyewe mambo yatanyooka! Nimemwona Jumapili nzima uani na mabeseni. Huu ndio usafi wa hospitali!"

"Bwana Usafi, hongera!"

"Mzee katuokoa!"

Makofi yakapigwa. Mwenyekiti alimgeukia Mama Miche, na kwa mara ya kwanza hakutafuta ukuta. Alidhani ana habari njema.

"Usijisikie vibaya, mwenzangu. Kila mtu huchoka. Tumeonelea ufunguo ukae kwa mzee, nawe uwe unamsaidia. Si unabaki nyumbani kwenu palepale?"

Mama Miche alipitisha kamba juu ya kichwa, na Mwenyekiti akaupokea ufunguo na kuuweka kwenye kiganja cha Bwana Usafi. Makofi tena.

Bwana Usafi aliutazama. Ulikuwa bado na joto la mkewe. Miaka thelathini na mmoja hospitalini hakuna aliyempigia makofi. Deki inaonwa pale tu inapokosekana. Watu hawa walimpenda, na alichotakiwa kufanya ni kunyamaza.

"Miche ya kwanza niliiua mimi," alisema.

Mtu mmoja alicheka, akidhani ni utani.

"Ya pili niliiua mimi. Hii nilikuwa nimeshaanza kuiua, mvua ikamrudisha huyu mapema." Alikwenda mlangoni, akashika karatasi ya kanuni kwa juu, akaivuta. Gundi ilikuwa nzuri. Ilitoka vipande vipande, naye akasimama pale anaibandua kwa kucha mbele ya watu wote. "Kila Ijumaa nilimwaga klorini kwenye udongo. Ukifukuza watu wote nyumbani ukaacha mlango wazi, anayeingia kwanza ni mwizi. Ndicho nilichofanya. Aliyeponya kitalu ni mke wangu, kwa ukungu alioufuga kwa mkono wake. Mimi nilikuwa ndio ugonjwa."

"Mzee," sauti ya Jirani ilikuwa imepungua, "mimi hiyo karatasi naifuata kwangu. Neno kwa neno."

"Na pilipili hoho zako?"

Jirani alitazama viatu vyake visafi. "Zimeanza kulala juzi."

"Mwone Mama Miche," alisema Bwana Usafi.

Mwenyekiti alikuwa bado na swali, na akalielekeza kwake. "Lakini, mzee, yeye hakukwambia kwamba kile kitu kiko hai?"

Mama Miche alifungua mdomo. Mumewe alimwahi.

"Sikumuuliza," alisema. "Ningemuuliza angeniambia."

Akamvisha mkewe kamba shingoni. Hakuwahi kufanya kitu kama hicho mbele za watu, na alikifanya vibaya; kamba ilinasa kwenye kilemba, ikabidi Redio aingilie kuinasua, akisema kwa sauti ya wote kwamba kaka yake alikuwa hivi hivi hata siku ya harusi. Watu walicheka kwa kushukuru, wakaanza kubeba trei zao.

Kitalu kilipobaki na wawili, Mama Miche alikwenda kusimama karibu na mumewe. Mume alikuwa anapanga trei tupu, hazijasuguliwa.

"Uliuliza," Mama Miche alisema.

"Niliuliza nini?"

"Chumbani. Uliniuliza kuna nini kwenye ndoo. Nikakujibu dawa."

Bwana Usafi aliendelea kupanga. Ndoo ilikuwa miguuni pake, utepe wake ungalipo. Aliinama, akaubandua upande wa SUMU na wa USIGUSE, akaacha neno la kwanza peke yake.

"Kwani si dawa?" alisema.